Mkono Uliojiona Mizani

Kwenye uwanja wa gofu, nyuma ya vyumba vya kubadilishia nguo, kuna chumba kinachonuka gundi, vumbi la chuma na taulo mbichi. Mlango wake haufungiki mpaka uupige teke pembeni chini. Ndani mna meza ndefu yenye majiliwa mawili ya kubania, kabati la droo ndogondogo, na mwanamke wa miaka hamsini na minne aliyevaa aproni ya turubai, ambaye kwa muda mrefu aliamini kwamba mkono wake wa kulia haujapata kukosea.

Walimwita Mkono Mizani. Jina hilo hakujipa mwenyewe, ingawa anakiri kwamba hakulikataa, na kwamba mtu akimwita "Mama Fundi" tu, alikuwa akisikia kama amepunjwa. Leo anapoisimulia habari hii huanza hapo hapo kwenye jina, akicheka mpaka anafuta macho kwa upindo wa kanga, kwa sababu anasema ugonjwa wake ulianzia hapo.

Kazi yake ni kutengeneza fimbo za gofu. Kwa asiyezijua, fimbo hizo zina sehemu tatu: kichwa cha chuma kinachopiga mpira, mpini mrefu mwembamba, na juu kabisa mpira wa kushikia. Mpini ukivunjika au ukimlemea mwenyewe, yeye huupasha moto kichwani mpaka gundi ya zamani ilegee, akauchomoa, akasugua tundu kwa msasa, akatia mpya. Aliingia pale kama mfua taulo. Fundi wa zamani, mzee mmoja mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alimwona anavyopanga fimbo kwenye mikoba bila kuambiwa, akamvuta mezani. Akamfundisha kwamba fimbo mbili zinaweza kulingana uzito zikiwekwa kwenye mizani ya dukani, na bado moja ikawa nzito mkononi na nyingine nyepesi. Swali ni uzito umekaa wapi. Ndoo uliyoikumbatia kifuani na ndoo uliyoinyoosha mbele kwa mkono ni maji yale yale, lakini bega linajua tofauti. Gramu chache zikikaa kichwani mwa fimbo, mbali na mikono, huvuta kuliko gramu nyingi zilizokaa karibu na vidole.

Basi mzee yule alikuwa akimfumbisha macho, anampa fimbo moja, anampokonya, anampa nyingine. Ipi inavuta? Kwa miaka miwili akikosea. Mwaka wa tatu akaanza kupata. Mzee alipostaafu, mwanafunzi wake aliweza kuinua fimbo mara mbili tu akasema huu mpini umepungua gramu ishirini kuliko ule, na kweli ukipima unakuta kumi na nane au ishirini na moja. Wanachama wakaanza kuja kutazama kama wanavyokwenda kutazama mtoto aliyeota meno mapema. Hapo ndipo jina likazaliwa, na kichwa kikavimba.

Kucheza gofu kwenyewe hakujui. Alijaribu siku moja, asubuhi wakati uwanja haujafunguliwa. Mpira ulibaki ulipo, ukimtazama. Kilichoruka ni bonge la nyasi, likaenda mbali kwa fahari, na mtunza bustani akamfuata akiwa amelishika mkononi kama ushahidi.

Miezi minane kabla ya mambo haya, meneja alinunua mizani mpya. Ilikuwa chombo kizuri: unalaza fimbo juu yake, inasimama kwenye ncha karibu na sehemu ya kushikia, na mshale unakuonyesha kichwa kinavuta chini kwa kiasi gani. Meneja, kijana mstaarabu anayesalimia kwanza, akatoa na daftari lenye safu, akasema kila fimbo itakayopita mezani ipimwe na iandikwe. Akasema kwa adabu kabisa kwamba si kwa sababu hamwamini mama, ila siku mama akiwa likizo nani atajua fimbo ya nani ilikuwaje.

Yeye alisikia nusu ya kwanza tu. Wiki ile alishindana na mizani. Fimbo kumi: anainua, anasema, kisha anapima. Tisa zililingana. Ya kumi akaamua kwamba mizani ndiyo iliyokosea, kwa kuwa bado ni mgeni. Tangu hapo ile mizani ikawa mahali pa kuanikia kitambaa chake cha kufutia jasho, na daftari likajazwa kwa nambari zilizotoka mkononi. Juu ya safu kulikuwa kumeandikwa "Kipimo cha mizani." Aliyapita maneno hayo kila siku kama mtu anayempita mdai wake barabarani, macho mbele. Jumapili aliimba kanisani kwa sauti kubwa na hakuona kitu.

Nyumbani pekee ndiko jina lake halikuwa na soko. Mumewe ni fundi cherehani, mtu asiyekata kitambaa kabla hajapima mara mbili hata kama kiuno ni cha ndugu yake wa damu. Mchana mmoja alikula kijiko cha kwanza cha mboga, akakiweka chini polepole.

"Mama watoto," akasema, "huo mkono unaojua gramu mbili za chuma, chumvi ulikuwa umeiachia nani?"

Akamjibu kwamba chumvi ni idara nyingine.

Sasa kulikuwa na mwanachama mmoja, muuguzi mstaafu, mwanamke wa miaka sitini na minane, mnyoofu wa mgongo, ambaye kila mtu uwanjani alimwita Sista. Alikuwa amefanyiwa upasuaji wa bega. Daktari alimruhusu kucheza tena lakini kwa fimbo nyepesi, si zile za mipini ya chuma alizozizoea. Akaja na mkoba wake wenye fimbo tisa, akauweka mezani, na badala ya kuondoka akavuta kiti.

Alieleza kwamba hachezi kwa ajili ya vikombe, vikombe anavyo vya chai. Mumewe, aliyekuwa mpima ardhi, alipigwa na kiharusi mwaka juzi. Kutembea alirudia, lakini maneno yakawa kama yamefungiwa kabatini. Nyumbani anakaa dirishani. Ila Alhamisi wakija uwanjani, yeye Sista akicheza mashimo tisa na mzee akivuta kigari cha mkoba, huko katikati ya nyasi neno moja moja lilikuwa limeanza kumtoka. Umbali. Upepo. Kushoto. Tangu upasuaji hawajaja miezi mitatu, na mzee amerudi kimya.

"Siwezi kumwambia twende tukatembee tu," Sista akasema. "Nimejaribu. Anasema hapana kwa kichwa. Anataka kazi. Nisipocheza mimi, mdogo wangu, yeye hatoki mlangoni."

Mkono Mizani akamwambia asiwe na shaka, alete bega lake hapa kama lilivyo. Maneno hayo anayakumbuka neno kwa neno, kwa sababu ndiyo yanayomchoma zaidi.

Mipini mipya ilifika, ya nyuzi za kaboni, kila mmoja ukiwa umepungua gramu arobaini na tano kuliko wa chuma. Hilo ni punguzo la haki. Lakini ukipunguza mpini tu ukaacha mengine, fimbo nzima hubadilika tabia: uvutaji wa kichwa hupungua, na mchezaji hajui tena kiko wapi anapozungusha. Kwa hiyo hubandikwa vipande vyembamba vya risasi, madini yale mazito laini, vyenye gundi mgongoni, nyuma ya kichwa, gramu mbili mbili, mpaka mvuto urudi kiasi anachotaka mwenyewe. Ni kazi ya kipimo. Ni kama chumvi hasa, lakini hilo hakutaka kulisikia.

Asubuhi ya kazi hiyo, pampu ya jengo wanaloishi iliharibika. Maji yalikuwa kwenye bomba la uani, wao wanakaa ghorofa ya tatu. Mumewe alishika ndoo, mgongo ukalia, naye akampokonya akamwambia akae na cherehani yake. Akapanda ngazi mara sita, kila mara ndoo mbili za lita ishirini, moja kila mkono, na kwa kuwa majirani walikuwa wakimtazama hakupumzika kwenye kona. Alipofika kazini vidole vilikuwa vimevimba na mikono inaelea yenyewe, kama inavyoelea unapotua mzigo wa muda mrefu.

Kila mtu aliyewahi kutua mzigo anajua kwamba mikono ya namna hiyo haifai kuulizwa kitu. Yeye aliiuliza.

Akaunda fimbo ya kwanza, namba saba, maana fimbo hizi huitwa kwa namba, kila moja na umbali wake. Akainua. Ikawa kama ameinua bua. Akabandika gramu mbili, akainua, bua. Nne. Sita. Akastaajabia wepesi wa hii kaboni ya siku hizi. Kitambaa chake kilikuwa kinaning'inia juu ya mizani, hatua mbili kutoka alipokuwa. Aliendelea kubandika, tabaka juu ya tabaka, mpaka gramu ishirini na mbili, ndipo mkono ukasema hapo. Akafanya vivyo hivyo kwa fimbo zote tisa, akipiga mluzi. Kisha akafungua daftari akaandika kwamba mvuto umelingana na ule wa zamani, na kwa kuwa siku hiyo alikuwa na furaha, akapigia mstari.

Sista alizichukua, akaziangalia nyuma, akauliza kama fimbo zimefungwa bandeji. Wakacheka wote wawili.

Zikapita Alhamisi mbili. Siku iliyofuata Alhamisi ya pili, Sista akaingia karakana akivuta mkoba, na juu ya mkoba kimfuko cha karatasi. Hakuja kulalamika, na laiti angekuja kulalamika ingekuwa nafuu. Alikuja kushukuru. Akasema fimbo zimetengenezwa vizuri sana, tatizo ni yeye. Alhamisi ya kwanza alimaliza mashimo manne, ya pili mawili. Bega linawaka moto kila akizungusha. Kama hata fimbo nyepesi kabisa zinamshinda, basi mwili umetoa jibu lake. Akaomba zipewe mtu mwingine mwenye kuhitaji. Kwenye kimfuko mlikuwa na sabuni mbili za maua na kadi.

"Umejitahidi, mdogo wangu," akasema. "Mungu akubariki kwa mikono hiyo."

Na Mkono Mizani alifanya nini? Alisema, "Pole sana, Sista." Akapokea sabuni.

Kitu kilikuwa kimemgusa moyoni tangu neno "linawaka," lakini alijitia hamnazo. Alisindikiza mgeni mpaka mlangoni, akaupiga mlango teke lake, akarudi mezani. Mikono yake siku hiyo ilikuwa imelala vizuri, pampu ilishatengenezwa. Akachomoa ile namba saba, akainua mara moja.

Kichwa kilishuka kama kuku aliyeshikwa miguu.

Hakuhitaji kuinua mara ya pili lakini aliinua, kisha akainua namba nane, na namba tisa, akitumaini kwamba labda alikosea moja. Mwishowe akaondoa kitambaa juu ya mizani. Alivyosimulia mwenyewe, alikiondoa kwa ncha za vidole viwili, kama anayefunua sufuria ya jirani. Mshale ulikwenda mbali kuliko pale fimbo za chuma zilipokuwa. Alikuwa amelitoa lile punguzo la gramu arobaini na tano, akarudisha karibu nusu yake, tena akaliweka mwisho kabisa wa fimbo, mahali ambapo linavuta kuliko popote. Bega lililotoka kushonwa lilikuwa linazungusha nyundo.

Akaketi, akasali. Siku hizi hulitaja ombi lile kwa aibu, kwa sababu halikuwa la toba, lilikuwa la mapatano. Alimwomba Mungu jambo hili litengenezeke bila mtu kujua. Akasubiri kidogo. Mungu hakujibu, naye akauchukua ukimya huo kuwa ruhusa.

Akabandua risasi yote. Tabaka zote, fimbo zote tisa, akasugua na gundi isionekane. Aliona kwamba akiwa amekosea kwa kuongeza, basi wema ni kutoa kila kitu. Kisha akampigia simu Sista akamwambia, kwa sauti ya mtu asiye na neno, kwamba amezikagua tena fimbo zile, kuna kitu kidogo amekirekebisha, je, kesho anaweza kuja kujaribu mipira michache tu? Sista akasita, akasema hataki kujipa matumaini. Mwishowe akakubali.

Alikuja na mumewe. Mzee alikuwa mrefu, amevaa koti lililofungwa vifungo vyote, akaketi kwenye benchi la uwanja wa mazoezi na kuweka mikono juu ya magoti. Mkono Mizani alimsalimia shikamoo, akapata kichwa kilichoinama kidogo.

Sista akapiga mpira wa kwanza. Fimbo ilikwenda kasi, ikapita juu ya mpira, ikamzungusha mwenyewe nusu duara. Wa pili ukakimbilia kulia ukagonga uzio. Wa tatu haukwenda popote. Bega halikuuma, alisema, lakini hasikii kitu, ni kama ameshika antena ya redio, hajui mwisho wake uko wapi. Akajaribu tena mitano. Kisha akaishusha fimbo taratibu, akaiegemeza kwenye benchi karibu na mumewe, akaanza kuvua glavu kidole kimoja kimoja.

"Unaona sasa," akamwambia mumewe, si kwa uchungu, kwa sauti ile ya wodini wanapoongea na ndugu wa mgonjwa. "Nzito siwezi, nyepesi siwezi. Nadhani tumefika mwisho, baba."

Mzee akatazama nyasi.

Mkono Mizani anasema hapo alijua akinyamaza atakwenda nyumbani na jina lake, sabuni zake mbili na daftari lenye mstari. Hakuna ambaye angejua. Na alijua pia kwamba mzee huyu angerudi dirishani, na Sista angeamini mpaka siku ya kuzikwa kwamba mwili wake ndio uliomwangusha. Akajikaza.

"Sista, si bega lako," akasema. "Ni mkono wangu."

Akasema yote, bila mpangilio. Ndoo. Ghorofa ya tatu. Risasi gramu ishirini na mbili. Kitambaa juu ya mizani, daftari, kuandika vipimo ambavyo havikupimwa, na kwamba jana aliposhukuriwa alijua nusu yake akanyamaza. Na hata leo alitaka kulipitisha kimyakimya. Alipomaliza akataka kuongeza kitu cha kujitetea kuhusu kaboni ya siku hizi, lakini aliona haifai.

Sista aliacha kuvua. Glavu ilikuwa imebaki kidole kimoja.

"Miezi minane," akasema.

"Miezi minane."

"Mimi nimegusa vipaji vya nyuso miaka thelathini na minane. Nikigusa mtoto nilikuwa najua ana joto kiasi gani, wenzangu walikuwa wanakuja kuniuliza. Na kila mara, baada ya kugusa, nilitia kipimajoto. Unajua kwa nini? Kwa sababu kuna siku nilikuwa nimetoka kufua kwa maji ya moto."

Hakusema siku hiyo ilikuwaje, na Mkono Mizani hakuthubutu kuuliza. Sista akarudisha kidole cha glavu mahali pake. Hakuwa ametabasamu. Akamwambia aende akalete hiyo risasi yake na hiyo mizani yake, na asikimbie kwa sababu nyasi zimelowa.

Alikimbia. Akarudi ameikumbatia mizani kama mtoto mchanga, akaiweka mwisho wa benchi, mzee akasogea kuipa nafasi. Kwanza wakarudisha mvuto mpaka pale ulipokuwa zamani, gramu kumi, kwa mshale, mbele ya mashahidi. Mkono Mizani akapumua, akadhani wamemaliza. Sista akapiga mipira minne, akatikisa kichwa. Bado bega linalalamika mwishoni. Mizani ilikuwa imesema kweli, lakini ilisema kweli ya bega la zamani.

Hilo nalo lilikuwa somo, na anasema lilimwingia polepole kama dawa chungu. Miezi minane alikuwa akigombana na mizani nani anajua zaidi, wakati mwenye kujua ni yule atakayeishika fimbo. Wakaanza kubandua mbili mbili. Gramu nane. Sista akapiga, akafumba macho, akasema bado. Sita. Mpira ukaenda, si mbali, lakini ulinyooka. Akasema labda. Nne. Akapiga mitatu, akasema hapa pazuri, hapa bega limenyamaza, tuache hapa.

Mkono Mizani akainama kuandika.

"Rudisha ile ya kabla."

Sauti ilikuwa nzito, yenye kutu, na kwa sekunde moja alidhani ni mtunza bustani. Wote wawili wakageuka. Mzee hakuwa anawatazama, alikuwa anatazama mahali mpira ulipoangukia.

"Sita," mzee akasema. "Hii, sauti yake... haijajaa."

Sista akamwangalia mumewe, kisha akampa fimbo Mkono Mizani. Fundi akabandika gramu mbili, akaomba ruhusa ya kuikandamiza vizuri. Sista akapiga. Sasa hata Mkono Mizani asiyejua gofu alisikia: ule mlio mfupi, mnene, kama kufunga kitabu. Mzee akainamisha kichwa mara moja. Wakaacha sita, fimbo nyingine nane zikalinganishwa nayo, na nambari hiyo ikaandikwa baada ya mshale kuionyesha, Sista akiwa amesimama nyuma ya bega la mwandishi kama msimamizi wa mtihani.

Kwa meneja alikwenda mwenyewe siku hiyo hiyo, kabla ujasiri haujapoa, akiwa na daftari chini ya kwapa. Alikuwa ameandaa hotuba ya kuomba asifukuzwe. Meneja aliisikiliza yote, akafungua daftari, akapekua.

"Mama," akasema, "nilijiuliza mbona mizani ya kiwanda inatoa nambari kamili tupu, zisizo na nukta ya desimali hata moja. Nikasema labda umri wangu haujafika."

Hakumfukuza. Alimwambia fimbo zote zilizopita mezani tangu mizani ije, wenyewe wapigiwe simu na yeye mama mwenyewe, waambiwe sababu kama ilivyo, waje zipimwe upya. Mikoba arobaini na mmoja. Akamwonyesha simu ilipo.

Simu ya kwanza alijificha nyuma ya kabati kuipiga. Kufikia ya kumi alikuwa ameshazoea kusema, "Ni mimi, Mkono Mizani, nakupigia kukujulisha kwamba si mizani," na watu wakicheka anacheka nao. Wengi fimbo zao zilikutwa sawa, au zimepotoka gramu mbili tatu ambazo hawakuzijua. Mmoja, mwanasheria, alikataa kabisa kuleta zake. Alisema tangu azichukue anampiga shemeji yake kila wiki, na kosa lolote lililomo humo ni mali yake halali. Fundi cherehani mumewe alipoisikia habari nzima jioni hakusema kitu kuhusu chumvi. Alikwenda akachukua utepe wake wa kupimia, akampima kiganja cha kulia, urefu na upana, akaandika kwenye karatasi, akasema anataka kujua ukubwa wa kitu kilichowasumbua.

Alhamisi ikafika. Yeye alikuwa mezani na simu ya ishirini na saba sikioni, mlango umefungwa nusu, alipowaona wakipita kuelekea shimo la kwanza: Sista mbele na kofia yake, mzee nyuma akivuta kigari. Hakutoka. Aliona hana haki ya kutoka. Akazungumza na mwenye mkoba wa ishirini na saba, na wa ishirini na nane, na katikati ya mazungumzo alikuwa anahesabu mashimo kichwani. Sasa wako la tatu. Kama bega lingewaka wangekuwa wamegeuka, wamepita hapa. La nne. Aliomba, na safari hii hakuweka masharti.

Zilipita saa mbili na nusu ndipo mlango ukasukumwa. Sista alikuwa amepigwa na jua, jasho limempitia kwenye kola, na uso umekunjamana.

"Nimekuja kushtaki," akasema.

Mkono Mizani akaweka simu chini. Akauliza kama ni bega.

"Bega gani? Bega ni zima. Nimemaliza yote tisa. Ni huyu." Akaonyesha nje kwa kidole gumba. "Kuanzia shimo la pili ananigombeza. Nikishika namba saba anasema namba sita. Nikisema namba sita anasema umbali huo si wa namba sita, yeye alipima barabara nzima ya kwenda kwetu, mimi namwambia nini kuhusu umbali. Shimo la saba niligoma, nikatumia niliyotaka mimi, mpira ukaingia majini. Amecheka mpaka akakaa chini. Hajafunga mdomo, dada. Alhamisi ijayo namwacha nyumbani."

Nje, mzee alikuwa ameshafika na kigari karibu na lango. Alisimama, akageuka, akasema kwa sauti iliyowafikia wote wawili kwamba ilikuwa namba sita.